Mkono uliolegea baada ya ajali ya boda boda

Abiria wa boda boda akirushwa akaangukia bega huku kichwa kikipindia upande wa pili, anaweza kuinuka na mkono unaoning'inia kama si wake. Eksirei ikionyesha mifupa mizima, huenda akaambiwa arudi nyumbani apumzike. Kumbe eksirei haionyeshi neva. Kilichoumia ni mizizi 5 ya neva inayotoka kwenye uti wa mgongo shingoni, ikapita nyuma ya mtulinga hadi kwapani. Ndiyo inayoendesha bega, mkono na vidole.

Neva iliyovutwa tu hupona yenyewe kwa wiki au miezi kadhaa. Iliyokatika haijiungi bila upasuaji. Iliyong'oka shinani ndiyo mbaya kuliko zote, maana hakuna ncha ya kuunga. Ishuku pale ukope wa upande ule unaposhuka, mboni ikawa ndogo, na mkono uliokufa ganzi ukauma kama unaungua moto. Panadol haitulizi maumivu hayo. Daktari huandika dawa za maumivu ya neva, amitriptilini au gabapentini.

Kinachoponza wagonjwa wengi ni kungoja. Neva hukua takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka shingoni hadi kiganjani ni kama sentimita 70, safari ya karibu miaka 2, ilhali msuli uliokosa neva huanza kufa kabisa kati ya miezi 12 na 18. Kwa hiyo daktari hupigania kwanza kiwiko kikunjike na bega liinuke. Miezi 3 ikipita msuli haujastuka, upasuaji upangwe, usivuke miezi 6 tangu ajali. Jeraha la panga lisingoje hata hivyo: neva iungwe ndani ya siku chache. Na kiganja kikiwa baridi na cheupe, mshipa wa damu umeumia. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo.

Upasuaji wenyewe huchukua neva ya mguuni kuziba pengo, au huazima nyuzi chache za neva ya kiganja, ikiwa bado ni nzima, na kuziunga kwenye neva ya msuli unaokunja kiwiko. Mizizi yote 5 ikiwa imeng'oka, huazimwa neva za mbavu. Mgonjwa huyo mwanzoni hukunja kiwiko kwa kuvuta pumzi. Baada ya mwaka, kinachobaki ni kuhamisha misuli au kano.

Wakati wa kusubiri, funga mkono kwa kitambaa shingoni ili bega lisichomoke. Mara 3 kwa siku, tumia mkono usioumia kukunja na kunyoosha kila kiungo cha ule ulioumia mara 10, taratibu. Mkandaji asiuvute kwa nguvu. Jihadhari na sigiri na sufuria ya moto: ngozi isiyohisi huungua bila mwenyewe kujua.

Omba rufaa kwa bingwa wa mifupa au wa upasuaji wa kurekebisha viungo, kwa Uganda hospitali ya Mulago jijini Kampala au hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, ukiwa na tarehe kamili ya ajali, kwa kuwa miezi huhesabiwa kuanzia hapo.