SSD ya kuwekea laptopu yako: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Zinaisha haraka." Hili nalisikia karibu kila wiki. Ni kweli SSD, yaani diski ya kuhifadhia isiyo na kinachozunguka, huchakaa kadiri inavyoandikwa, lakini tupige hesabu. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 ina dhamana ya miaka 5 au terabaiti 300 za kuandikwa, lolote litakalotangulia. Ukiandika gigabaiti 20 kila siku, na kwa kazi za ofisini hizo ni nyingi, utazimaliza baada ya miaka 40 na ushei.

"Kompyuta ikisema terabaiti 2, basi ni terabaiti 2." Hapa ndipo watu wanapolizwa. Kompyuta husoma kile ambacho diski inajitangaza, na matapeli huichezea programu ya ndani ya diski ili idanganye. Mteja mmoja aliniletea SSD ya nje, nzito mkononi, picha za harusi ya dada yake zimo humo. Majina ya faili yote yalionekana. Picha nyingi hazikufunguka. Nilipoibandua kifuniko nikakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi, na pembeni yake kadi ndogo ya kumbukumbu, ileile ya simu. Picha hazikupatikana tena.

Kwa hiyo ukinunua, ijaze kwanza. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, hujaza nafasi yote iliyo tupu kisha huisoma upya kuhakiki. Kazi hiyo hula saa kadhaa. Ifanye kabla ya kuhamishia chochote, risiti ikiwa bado mkononi. Diski iwe tupu, maana ikiwa ni feki, vilivyomo vinaweza kuharibika.

"M.2 zote zina kasi." M.2 ni umbo tu, kipande chembamba cha SSD kinachochomekwa ndani ya mashine. Inayopitisha data kwa njia ya zamani, SATA, huishia kama megabaiti 550 kwa sekunde. Ya njia mpya zaidi, NVMe, huweza kupita 3,000. Soma mwongozo wa mashine yako, maana nafasi nyingine hupokea aina moja tu.

"Haina kinachozunguka, haihitaji nakala." Tafadhali, hili liacheni. Diski ya kuzunguka, ile ya zamani, mara nyingi hugonga na kukwaruza kabla ya kufa, ukapata upenyo wa kuokoa vitu. SSD huweza kuzima ghafla, bila dalili. Na ukifuta faili kwa bahati mbaya, amri ya TRIM huiambia diski isafishe nafasi ile, hapo fundi hana pa kuanzia. Nunua diski ya pili, hata ya kuzunguka, uweke nakala leo.