Tasmania Berlin hawakufungwa mechi 31 mfululizo

Kila timu ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, ikikaa wiki saba au nane bila ushindi, jina la Tasmania Berlin hufufuliwa, na kosa lilelile hufufuka nalo: eti walifungwa mechi 31 mfululizo. Hawakufungwa mechi 31. Walikaa mechi 31 bila kushinda. Sare si kipigo, na anayeandika habari za mpira hana ruhusa ya kuchanganya mambo hayo mawili.

Tuhesabu. Msimu wao wa Bundesliga, 1965/66, ulikuwa na mechi 34. Tasmania walishinda 2, wakatoka sare 4, wakafungwa 28. Walifunga mabao 15, wakaruhusu 108. Ushindi wa kwanza ulikuwa siku ya ufunguzi, 14 Agosti 1965, 2-0 dhidi ya Karlsruher SC, mbele ya watu 81,500 uwanjani Olympiastadion. Wa pili ulikuja 21 Mei 1966, 2-1 dhidi ya Borussia Neunkirchen. Zile 31 ziko katikati ya siku hizo mbili, na sare zimo humo. Mojawapo ni ile ya 15 Januari 1966 dhidi ya Borussia Mönchengladbach, iliyoingiza watazamaji 827, idadi ndogo kuliko zote kwa mechi ya Bundesliga iliyochezwa milango ikiwa wazi. Matokeo: 0-0. Kwa hiyo mechi inayotajwa kila mara kama kilele cha aibu yao ni mechi ambayo walipata pointi!

Pointi nazo zinawachanganya watu. Wakati ule ushindi ulikuwa na pointi 2, kwa hiyo walimaliza na 8. Ukikuta 10 mahali pengine, hilo ni jedwali la misimu yote lililokokotolewa upya kwa pointi 3 kwa ushindi. Zote mbili ni sahihi, ila usizitumie pamoja bila kueleza. Na ukiona "8:60", usidhani ni mabao. Wajerumani waliandika pointi ulizopata, kisha ulizopoteza. Jumlisha: 68, yaani mechi 34 mara 2. Jumla isipofika 68, kuna tarakimu imekosewa.

Wala si kweli kwamba ndio pekee walioshinda mara 2 tu katika msimu mzima. Wuppertaler SV walifanya hivyo 1974/75, ila wao walikuwa na sare 8.

Uongo wa pili ni kwamba Tasmania walipanda daraja kisha wakashindwa kazi. Hawakupanda. Hertha BSC, klabu nyingine ya Berlin, walivuliwa nafasi yao katika ligi kuu kwa kuwalipa wachezaji fedha zilizozidi kiwango kilichoruhusiwa. Shirikisho la Ujerumani lilitaka Berlin Magharibi, mji uliozungukwa na ukuta tangu 1961, usikose timu kwenye ligi kuu. Tennis Borussia, mabingwa wa ligi ya kanda ya Berlin, walikuwa wameshindwa kwenye mchujo wa kupanda. Spandauer SV, washindi wa pili, walikataa. Nafasi ikawaangukia Tasmania, waliomaliza wa tatu. Schalke 04 na Karlsruher SC, waliopaswa kushuka, waliachwa palepale, na ligi ikatoka timu 16 ikawa na 18. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu msimu kuanza, wachezaji wakiwa likizo. Waliyemsajili wa maana ni Horst Szymaniak, kiungo wa timu ya taifa, kutoka Varese ya Italia. Kiungo mmoja hawezi kuziba nyufa za timu nzima, na tarehe 26 Machi 1966 Meidericher SV waliwafunga 9-0 palepale Berlin.

Je, wangepewa maandalizi ya kutosha wangebaki ligi kuu? Sidhani. Lakini sidhani pia kwamba ilikuwa klabu ya ovyo: 1964 walikuwa mabingwa wa kanda yao, wakacheza mchujo kundi moja na Bayern München. Ukubwa wa kipigo kile, kiasi gani ni ubovu na kiasi gani ni haraka ya kuwaingiza, mimi bado siwezi kuugawa kwa uhakika, na anayeugawa kwa sentensi moja simwamini.

Rekodi ya mechi 31 ilikaribia kuvunjwa na Schalke, waliofika 30, kisha wakawafunga Hoffenheim 4-0 tarehe 9 Januari 2021. 

Kuhusu jina: klabu iliyoanzishwa 1900 huko Rixdorf, leo mtaa wa Neukölln mjini Berlin, ilifilisika 1973. Inayocheza sasa katika madaraja ya chini, SV Tasmania Berlin, ni klabu nyingine kisheria, iliyoundwa mwaka huohuo. Ilipanda hadi daraja la nne kwa msimu wa 2021/22, ikashuka. Mashabiki wake wanaihesabu kuwa ni ileile, na siwezi kuwalaumu. Klabu haiishi kwenye daftari la msajili peke yake. Lakini kwenye jedwali la Bundesliga andika Tasmania 1900, na kwenye matokeo ya Jumapili hii andika SV Tasmania.