Mzazi mkali si lazima awe wa kiimla

Kila msimu wa kujaza Selform, fomu ya wanafunzi kuchagua masomo ya kuendelea nayo, unapofika, katika vikao vya wazazi wa kidato cha nne hapa Dodoma husikika kauli ileile: vijana wanashindwa kuchagua fani kwa sababu wazazi wa siku hizi wanadekeza watoto. Kauli hiyo huchukulia kwamba malezi ni ya aina mbili tu, ukali na kudekeza, na hapo ndipo inapopotoka.

Mtindo wa malezi ni namna ya kudumu ambayo mzazi humwongoza mtoto na kumsikiliza. Mwaka 1966 Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mitindo mitatu: wa kiimla, shirikishi na wa kulegeza. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliipanga kwa vipimo viwili, yaani mzazi anadai kiasi gani na anasikiliza kiasi gani, ukapatikana na wa nne, wa kutelekeza.

Kipimo cha pili ndicho kinachosahauliwa vikaoni. Mzazi wa kiimla na mzazi shirikishi wote ni wakali: wote hukagua madaftari, wote hutaka kijana awe nyumbani kabla ya giza. Wanatofautiana pale kijana anapouliza. Binti anayefaulu vizuri Jiografia na Kiswahili anaambiwa achague PCB, yaani tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya Fizikia, Kemia na Biolojia; akiuliza sababu, baba wa kiimla hujibu, "Nimeshasema." Baba shirikishi naye anaweza kuitaka PCB hiyohiyo, lakini hutoa sababu zake, huketi na bintiye kutazama alama za Fizikia za mihula iliyopita, na huwa tayari kubadili mawazo.

Binti wa baba wa kwanza mara nyingi haonekani kuwa na tatizo lolote, kwani wageni wakimuuliza hujibu "daktari" bila kusita. Mwanasaikolojia James Marcia, katika mwaka uleule wa 1966, aliitambua hali hiyo ya kijana aliyekwisha kushika uamuzi bila kuchunguza njia nyingine. Ugumu hujitokeza matokeo yasipofikia PCB, mfumo wa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, unapofunguliwa ili wahitimu wabadilishe tahasusi, naye hana pa kuanzia kwa kuwa hajawahi kupima chaguo lake mwenyewe. Malezi si sababu pekee, maana wengine husita kwa kukosa tu taarifa za kazi zilizopo.

Mzazi anayesema kikaoni kwamba dawa ni kuongeza ukali hajakosea kudai nidhamu. Ni vyema tu aulizwe, kwa heshima, kama nyumbani kwake kijana anaruhusiwa kuuliza "kwa nini" na akajibiwa.