Kwa nini nundu kichwani mwa kichanga hutokea siku ya pili?

Mpwa wangu alijifungua mtoto wake wa kwanza huko Busia, upande wa Uganda, baada ya kushikwa na uchungu usiku kucha na mchana wake. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kichwa cha mtoto kilikuwa kirefu kidogo, basi. Kesho yake, akimnyonyesha, mkono wake ukagusa nundu juu ya sikio la kulia, kwa nyuma: laini, imejaa, saizi ya nusu ndimu. Mama mkwe akaitazama, akasema, "Mwanangu, huyu mtoto ameangushwa." Kufikia jioni, jamaa walikuwa wanapanga nani aende kumkabili mkunga.

Hakuna aliyemwangusha. Lakini swali lao lilikuwa la haki: kama mtoto aliumia wakati wa kuzaliwa, mbona nundu haikuonekana pale pale?

Mfupa wa fuvu umevikwa utando mwembamba ulioushika barabara, na kati yake na mfupa hupita vishipa vidogo sana vya damu. Mtoto anaposhuka kwenye nyonga, kila uchungu unapokuja kichwa hukandamizwa na kusuguliwa. Uchungu ukirefuka, mtoto akiwa mkubwa, au akivutwa kwa kikombe cha vakyumu kinachonata kichwani kwa kunyonya, utando hubanduka kidogo na vishipa hukatika. Damu huvuja, ila taratibu mno, kwa sababu utando umebana na hautanuki upesi. Yapita saa nyingi, pengine siku nzima au mbili, kabla haijajaa kiasi cha kuonekana.

Tena kuna kinachoificha. Watoto wengi huzaliwa na uvimbe wa majimaji chini ya ngozi, pale kichwa kilipotangulia. Huo huonekana tangu mtoto anatoka, ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole, na huisha kwa siku chache. Ukishapungua, ndipo nundu ya damu iliyokuwa chini yake inajitokeza.

Kidole chepesi kinaweza kuzitofautisha. Nundu ya damu hukoma pale mfupa mmoja wa fuvu unapokutana na mwenzake, kwa kuwa hapo utando umeshikamana kabisa, kama mto wa kiti ulioshonwa pindo: kilichomo hakivuki mshono. Uvimbe wa maji huvuka bila kizuizi.

Nundu ya damu wataalamu huiita sefalohematoma, na huwapata watoto 1 hadi 2 katika kila 100. Iko nje ya fuvu, kwa hiyo haiukandamizi ubongo. Mwili huinyonya damu hiyo wenyewe, kwa wiki kadhaa, wakati mwingine miezi 3.

Mama mkwe alikuwa ameshaweka maji jikoni ili aikande. Namwelewa, ni mapenzi. Ila kukanda na kuminya huumiza, na kunaweza kuamsha damu iliyokwisha tulia. Kuitoboa au kuichanja ni hatari zaidi: damu iliyofungiwa haina vijidudu, wembe ndio unaovipeleka. Mtoto aogeshwe kama kawaida, hata kama ni kwa kyogero, yaani maji ya mitishamba ya kuogeshea kichanga, lakini nundu iachwe.

Kinachotakiwa kutazamwa ni macho. Damu ile inapovunjwavunjwa hutoa rangi ya manjano, na ini la kichanga bado halijaweza kuiondoa kwa kasi. Ngozi yetu nyeusi huificha manjano hiyo, kwa hiyo mpeleke mtoto mlangoni penye mwanga wa mchana, uangalie weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Uganda mama hutakiwa kurudi kituoni siku ya 6, lakini manjano haisubiri tarehe. Ikionekana siku ya kwanza, ikifika viganjani au kwenye nyayo, au mtoto akilala tu na kukataa kunyonya, panda boda saa hiyo hiyo. Hospitali humlaza chini ya taa maalumu ya buluu. Kumwanika juani si tiba, na manjano ikizidi huweza kuharibu ubongo na masikio.

Iko nundu nyingine, adimu, ambayo haitaki hata dakika ya kungoja. Hiyo damu humwagika chini ya ngozi yote ya kichwa, mahali pasipo na mshono wa kuizuia, mara nyingi baada ya vakyumu. Uvimbe unatepeta, unaenea hadi kisogoni na nyuma ya masikio, mtoto anapauka midomo na kulegea. Kichanga wa kilo 3 ana kama robo lita tu ya damu mwilini, pungufu ya chupa ya soda ya mililita 300. Akivuja namna hiyo anaweza kufa ndani ya saa chache.

Wa kwetu hakufika huko. Macho yalipata manjano kidogo siku ya 4, wakampeleka akapimwa, ikapungua. Wiki ya 6 mama yake alishtuka upya: nundu imeshuka, lakini pembeni pana ukingo mgumu na katikati panabonyea, kana kwamba fuvu limetoboka. Mkunga yule yule ambaye jamaa walitaka kumkabili akachukua kidole cha mama, akakizungusha juu ya ukingo. Akamweleza kuwa huo ni mfupa mpya unaoota pembezoni mwa utando uliobanduka, na chini ya pale panapobonyea fuvu ni zima. Mama mkwe akaomba naye aguse.