Presi ya Gundi ya Kujitengenezea: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Bakuli la vipande vya mbao hujengwa kwa pete. Vipande 12 hugandishwa vikawa pete moja, pete zikapangwa juu kwa juu, kisha zote zikapandishwa kwenye mashine ya kukerezea. Presi huja katikati: inabana pete juu ya pete mpaka gundi ishike. Kuna mambo kadhaa yanayorudiwa kuhusu kifaa hiki ambayo humtia fundi hasara.

Dhana: bila fremu ya kuchomelea na jeki ya tani 10, hiyo si presi

Mbao nne za 2x4 za mkaratusi mkavu, kila moja sentimita 60, zinatosha. Mbili zinakaa juu na mbili chini, kila jozi ikiachana milimita 18. Zisimame kwa ubavu mwembamba, zisilale bapa. Mbao ileile ikilala hupinda mara nne zaidi chini ya mzigo uleule, na presi inayopinda hubana pete upande mmoja.

Nunua vyuma viwili vya M16 (kipenyo milimita 16) vyenye hesi, vya mita 1, ukate kila kimoja sentimita 60 na 40. Vile virefu vinapita kwenye nafasi kati ya mbao, kimoja kila mwisho, vikiachana sentimita 40. Vifunge kwa nati nane, kila nati na bamba la chuma la milimita 8 chini yake, ili isizame kwenye mbao. Kimoja cha vifupi ndiyo skrubu ya kubania. Cha pili ni akiba, maana hesi huchakaa. Nati ya skrubu iwe ile ndefu ya kuungia, ichomelewe kwenye bamba linalokaa *chini* ya mbao za juu. Bamba likiwekwa juu, skrubu ikianza kubana italinyanyua tu.

Pete hukaa kati ya sahani mbili za plaiwudi, moja juu na moja chini. Ncha ya skrubu isigusane moja kwa moja na sahani ya juu. Weka kibamba chenye kishimo na tone la grisi. Bila hicho, skrubu huzungusha sahani, sahani ikazungusha pete, na mpangilio wa vipande ukahama.

Dhana: kadiri unavyokaza ndivyo inavyoshika

Hapa piga hesabu. Gundi nyeupe ya mbao kwenye msindano inataka takriban kilo 7 hadi 10 kwa kila sentimita ya mraba; kwenye mbao ngumu kama mninga, 12 hadi 17. Pete yenye kipenyo cha nje cha sentimita 25 na cha ndani 20 ina eneo la sentimita za mraba 177, kwa hiyo kwa msindano inahitaji kati ya tani 1.2 na 1.8. Skrubu ya M16 yenye mpini wa sentimita 30, ukiusukuma kwa nguvu ya kilo 15, hutoa karibu tani 1.4. Umefika, bila jeki.

Sasa chukua pete ndogo, sentimita 10 kwa 8. Eneo lake ni sentimita za mraba 28 tu. Mkono uleule, mpini uleule, unaipa kilo 50 kwa kila sentimita ya mraba, na msindano unaanza kubonyea. Pete hii inataka kilo 280 kwa jumla. Vidole viwili kwenye mpini vinatosha. Dalili nzuri ni matone madogo ya gundi yaliyojipanga sawasawa kuzunguka pete yote, nje na ndani. Yakitoka upande mmoja tu, sahani hazilingani. Legeza urekebishe nati kabla gundi haijashika.

Dhana: presi itaziba nafasi

Haizibi. Ukivuta pete iliyopinda kwa nguvu ikanyooka, inabaki ikitaka kurudi, na kiungo hufunguka chini ya patasi. Sugua uso wa kila pete kwenye msasa uliobandikwa juu ya kioo au marumaru mpaka mistari ya penseli uliyochora ifutike yote.

Wala presi haisaidii viungo vya kipande na kipande, kwa kuwa inabana kutoka juu. Pete ya vipande 12 ina mikato 24 ya nyuzi 15. Kosa la sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwa kila mkato, likienda upande mmoja, huacha pengo la nyuzi 2.4. Hilo linatibiwa kwenye msumeno, na pete yenyewe hubanwa kwa klipu ya bomba.

Dhana: gundi ni gundi, baridi haina neno

Kwa Mbeya, Njombe na Makete hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Gundi nyeupe nyingi hazishiki vizuri chini ya nyuzijoto 10, na asubuhi za Juni na Julai hushuka chini ya hapo. Gundi ikikauka katika baridi hiyo huwa nyeupe kama chokaa na kiungo huachia kwa pigo dogo. Kupasha chupa peke yake hakutoshi, kwa sababu mbao baridi huipoza gundi mara moja. Zilaze pete na sahani ndani ya chumba chenye joto usiku kucha, gandisha kuanzia saa sita mchana, acha kwenye presi saa 2 badala ya 1, na usikereze kabla ya saa 24. Sahani zipakwe nta au ziwekewe nailoni, la sivyo bakuli litagandana na presi.