"Picha kwa hisani ya mtandao" haimtaji mtu yeyote

Kazi yangu ni kuhariri picha hapa Dar es Salaam, na kila masika mambo huwa yaleyale. Bonde la Jangwani likijaa maji, simu inafurika picha zilizoandikwa "Jangwani sasa hivi". Baadhi ni za siku hiyo kweli. Nyingine ni za mafuriko ya Desemba 2011, yale yaliyofanya wakazi wa bondeni wahamishiwe Mabwepande. Karibu zote zinafika bila jina la aliyezipiga, na kabla ya jioni unazikuta kwenye kurasa zenye wafuasi kibao, chini yake pameandikwa: "Picha kwa hisani ya mtandao."

Maneno hayo yananiuma. Mtandao haupigi picha. Kuna mtu aliingia kwenye maji yale, kamera kaishika juu ya kichwa, akapiga. Ukiandika "mtandao" au "Google", umemweleza msomaji ulikoiokota tu. Nani kaipiga, lini, akiwa upande gani wa daraja, hujasema, na msomaji anayetaka kuhakikisha kama ni ya leo hana pa kuanzia. Mimi jina la mpigapicha nalihesabu kuwa ni sehemu ya habari, sawa na tarehe na mahali.

Nikipokea picha ya Barabara ya Morogoro, inayopita Jangwani, ikiwa imezama, kwanza naangalia kilichomo. Ujenzi wa njia za mabasi ya mwendokasi ulianza 2012, mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, na karakana yao ilijengwa palepale Jangwani. Ikiwa picha inaonyesha eneo hilo na hakuna njia wala karakana, hiyo si ya juzi, hata aliyeituma aape. Halafu naitafuta mtandaoni kwa kupakia picha yenyewe, kwa zana kama Google Lens au TinEye. TinEye inakuruhusu kupanga matokeo kuanzia nakala ambayo yenyewe iliikuta mtandaoni zamani zaidi. Natafuta nakala kubwa, yenye eneo pana kuliko hii niliyonayo. Mara nyingi hiyo ndiyo iliyo karibu na chanzo, kwa sababu bado ina kile kipande cha chini ambacho wasambazaji wamekikata, na jina la mpigapicha lilikuwa hukohuko kwenye kona.

Si kila jina hukatwa kwa makusudi. Faili ya picha hubeba taarifa ndani yake: saa iliyopigwa, aina ya kamera, na jina la mpigapicha kama mwenyewe alilijaza. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, inabanwa na taarifa hizo zinafutwa. Ukiituma kama dokumenti, inafika kama ilivyo. Wapigapicha wenzangu, nawasihi: jazeni majina yenu ndani ya faili, na mkituma kwa wateja tumeni dokumenti.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi wanalichanganya. Mtu anaposti picha kisha anaandika "picha si yangu, haki zote kwa mwenyewe", anaamini amemaliza. Hajamaliza. Kwa Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki ambao Kenya ilijiunga nao 1993 na Tanzania 1994, haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoundwa, hata kama hajaisajili popote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inampa haki za kiuchumi, yaani kuruhusu au kukataza kunakiliwa kwa kazi yake, na pia haki ya kutambuliwa kuwa ni yake. Ni haki mbili tofauti. Kumtaja hakukupi ruhusa, na kumlipa hakukupi kibali cha kulifuta jina lake. Wapigapicha wengi ninaofanya nao kazi hawana mshahara. Wanaishi kwa picha moja moja, na jina lililoandikwa vizuri ndilo linalowaletea mteja anayefuata.

Kuomba hakuchukui hata dakika mbili. Mimi huandika hivi: "Habari za kazi kaka. Naomba kutumia picha yako ya Jangwani kwenye makala yetu ya mafuriko. Jina lako tutaliandika chini ya picha. Kama kuna malipo au sharti lolote, naomba unijulishe." Wengi hujibu siku hiyohiyo. Akikataa, natafuta nyingine.

Kwa asiye na fungu la kulipia, Wikimedia Commons, hazina ya picha mtandaoni, ina faili zaidi ya milioni 100, nyingi zikiwa na leseni za Creative Commons. Hapo ruhusa imeshatolewa, ila ina masharti. Mojawapo, CC BY, inakutaka umtaje mtunzi, utaje leseni na kiungo chake, na useme kama umebadilisha chochote. Kwa hiyo chini ya picha utaandika jina lake, "CC BY 4.0" pamoja na kiungo chake, na "imepunguzwa pembeni" kama umeikata. Jina likae palepale chini ya picha, lisifichwe katikati ya alama za reli (hashtag) thelathini.

Kwa makala nako ni hivyohivyo. Anayenakili makala nzima na kumtaja mwandishi mwishoni amechukua wasomaji wa mwenzake. Nukuu aya moja, weka kiungo, kisha sema lako: unakubali wapi, unapinga nini, mtaani kwako hali ikoje. Hapo ndipo kazi inapoanza kuwa yako.

Na mashairi ndiyo yanayonisikitisha kuliko yote. Malenga wetu wana desturi ya kutia jina lao, pengine na mji wao, katika beti ya mwisho, ndani ya vina na mizani. Mwenye kulisambaza huikata beti hiyo ili shairi lienee kwenye kioo cha simu, au ili lionekane ni lake. Ukipokea shairi linaloishia ghafla, bila neno la kufunga wala jina, chukua mshororo mmoja wa katikati, uweke ndani ya alama za nukuu, uutafute. Ukipata nakala yenye beti zaidi, sambaza hiyo, nzima.