Je, wajua kwa nini ugonjwa wa fizi unaweza kuishia mapafuni?

Wengi wakiona damu kwenye mswaki husema ni mswaki mgumu tu, wanasukutua na kwenda zao kazini. Lakini fizi yenye afya haitoki damu kwa kusuguliwa. Damu ile ni dalili ya uvimbe, na chanzo chake ni ukoga unaojikusanya pale jino linapokutana na fizi. Usiposafishwa hugeuka ugaga mgumu usiong'olewa na mswaki. Taratibu fizi huachana na jino, na katikati panabaki mfuko. Kwa kawaida mwanya huo hauzidi milimita 3 hivi. Kwa mgonjwa huweza kufika 6 au zaidi. Humo ndani, pasipo na hewa, bakteria kama Porphyromonas gingivalis hustawi wapendavyo.

Wanafikaje mapafuni? Kwa mate. Hata mtu mwenye afya njema, akiwa usingizini, huvuta matone madogo ya mate kwenye njia ya hewa bila kujua. Mara nyingi hapati madhara, maana kikohozi, vinyweleo vya njia ya hewa na chembe za kinga huyaondoa. Hatari huja mambo mawili yakikutana: mate yenye bakteria tele, na mwili usioweza kuyazuia. Ndivyo anavyokuwa mzee aliyedhoofika, aliyepata kiharusi akawa anameza kwa shida, mtu aliyelewa hadi hajitambui, au mgonjwa aliyewekewa mashine ya kupumulia. Mate yale hushukia zaidi pafu la kulia, kwa kuwa bomba lake la hewa ni pana na limenyooka kuliko la kushoto. Hapo ndipo nimonia inapoanzia.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi ulitoka Japani mwaka 1999, ukachapishwa katika jarida la kitabibu la Lancet. Katika nyumba 11 za kutunzia wazee, wakazi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipigwa mswaki na wahudumu kila baada ya mlo, na mara moja kwa wiki likahudumiwa na wataalamu wa meno. Kundi la pili liliachwa na utaratibu wake wa kawaida. Baada ya miaka 2, nimonia ilikuwa imewapata asilimia 19 ya wasiohudumiwa na asilimia 11 ya waliohudumiwa. Mwaka 2024 wachambuzi walijumlisha majaribio 15 ya hospitalini wakaona jambo lilelile: wagonjwa wanaopigwa mswaki hupata nimonia ya hospitali kwa uchache zaidi, hasa wale walio kwenye mashine ya kupumulia. Na mswaki wenyewe unauzwa kila duka la mtaani!

Kwa magonjwa sugu ya mapafu tuwe waangalifu zaidi. Wenye magonjwa hayo huonekana kuwa na fizi mbovu mara nyingi, lakini sigara huharibu fizi na mapafu kwa pamoja, hivyo si rahisi kujua kipi kimesababisha kipi.

Linaloniuma mimi ni hili: tukiuguza mzazi nyumbani tunamwogesha, tunambadilisha shuka, tunamlisha uji kwa kijiko, halafu kinywa tunakisahau. Au tunaona hana haja ya mswaki kwa sababu hali chakula kigumu, ilhali mdomo mkavu usiotafuna ndio unaojaza ukoga haraka.

Kumsafisha si kazi ngumu. Muinue akae au aegemee mito, na kama hawezi, mlaze ubavu ili maji yatoke nje yasishuke kooni. Tumia mswaki mdogo laini na dawa ya meno kidogo sana. Sugua meno, mipaka ya fizi na ulimi, kisha futa kwa kitambaa safi chenye unyevu. Usimmiminie maji mdomoni mtu anayepaliwa. Fanya hivyo asubuhi na kabla ya kulala. Kama ana meno ya bandia, yatoe usiku, yasugue, yaweke kwenye maji safi: hukohuko Japani, wazee wa miaka 85 na kuendelea waliolala nayo walikuwa na hatari ya kupata nimonia inayozidi mara 2 ile ya walioyavua.